Mzigo Ndio Mtihani wa Jenereta

Juni 2007, kijana wa miaka 19 kutoka wilaya ya Kasungu, Malawi, alisimama mbele ya wageni wa mkutano wa TED mjini Arusha. Jina lake William Kamkwamba. Njaa iliyoikumba nchi yake mwaka 2001 na 2002 iliwaacha wazazi wake bila karo, naye akatoka shuleni. Katika maktaba ya kijiji alikuta kitabu chenye picha za vinu vya upepo, akajenga cha kwake kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mapanga ya bomba la plastiki, dainamo ya baiskeli na mnara wa magogo ya mkaratusi. Nyumbani kwao zikawaka taa nne na redio mbili zikalia.

Kisa hicho kimesimuliwa sana, hata filamu yake ikatoka mwaka 2019. Lakini pale Arusha alisema jambo ambalo ni wachache wanaolirudia. Kinu cha kitabuni kilikuwa na mapanga matatu, chake kilikuwa na manne. Alieleza kwamba alijaribu kwa matatu, kisha kwa manne, akaona manne yanatoa nguvu zaidi. Kwangu mimi, ufundi wake uko hapo, katika kujaribu na kulinganisha.

Kanuni aliyoitumia inakaribia miaka 200. Oktoba 1831, jijini London, mwanasayansi Michael Faraday alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, na sindano ya kipimo chake cha umeme ikasogea. Mwaka uliofuata Hippolyte Pixii wa Paris akatengeneza mashine ya kufua umeme inayozungushwa kwa mkono. Dainamo ya baiskeli na mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere hufuata njia hiyohiyo: sumaku na waya vikipishana, umeme huzaliwa. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi, koili ikisukwa mizunguko mingi zaidi, au mwendo ukiongezeka, volti hupanda.

Ndiyo maana jenereta ya kujitengenezea inawezekana kabisa. Waya wa shaba upo kwa fundi wa kusuka mota. Alteneta ya gari kuukuu nayo hufaa, ingawa inataka mwendo mkubwa na umeme kidogo wa betri wa kuamsha sumaku yake.

Kazi ngumu huanza siku ya majaribio. Fundi anazungusha mashine ikiwa haijaunganishwa na chochote, mita inasoma volti 14, watu wanashangilia. Volti hizo hazijafanya kazi yoyote bado. Unganisha balbu ya gari ya wati 21 iwe mzigo wake, uone mambo mawili: volti zinashuka, na mhimili unakuwa mzito kuzungusha. Mwanafizikia Heinrich Lenz alilieleza hilo mwaka 1834: umeme unaopita kwenye koili hujenga sumaku yake, nayo hupinga mwendo ulioizaa. Uzito huo ndio bei ya umeme, na lazima alipe mtu, maji, upepo au mafuta. Hapo ndipo pa kusoma volti na ampea, kuzizidisha kupata wati, na kuandika. Iache mashine ifanye kazi nusu saa nzima, kisha izime na uangalie kama koili imechemka.

Kipimo hiki ndicho kinachokosekana tunapoambiwa kuna jenereta inayojiendesha: mota inaizungusha jenereta, jenereta inailisha mota, na umeme unabaki wa kuwashia nyumba. Haiwezekani, kwa sababu kila hatua hupoteza nguvu kwa joto na msuguano. Ondoa betri zote, weka mzigo, uiache ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi itakuwa imesimama. Nasema hivi kwa kuwaheshimu vijana wanaohangaika na mashine hizo. Mikono yao ni hodari, na miaka wanayoipoteza huko ingetosha kufua umeme wa kweli kwenye kijito cha kijijini kwao.

Tena wasiuunganishe mtambo wao na nyaya za nyumba zilizounganishwa na gridi bila swichi ya kutenganisha. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: umeme unaorudi hupandishwa hadi maelfu ya volti na kumkuta fundi wa laini aliyeamini kuwa imezimwa. Watu wamekufa hivyo.

Sisi waandishi na viongozi tunaokwenda kuwapongeza wabunifu hawa tuwe na maswali matatu: inazungushwa na nini, inatoa wati ngapi ikiwa na mzigo, na kwa muda gani? Shule ya kata ikipewa mita, balbu chache na daftari la vipimo, mwanafunzi wake atayajibu mwenyewe kabla hatujafika.