Firigogo wa Kalahari

Kusini mwa Afrika liko jangwa liitwalo Kalahari, na katika jangwa hilo mna hifadhi ya wanyama ya Kgalagadi, ambayo upande mmoja umo Botswana na upande wa pili Afrika Kusini. Mito yake ni mikavu karibu sikuzote. Wageni wapendao kutazama ndege hupiga hema zao katika kambi ya Nossob, ndani ya ua, maana nje wamo simba. Kando ya ua kuna bwawa dogo lijazwalo kwa maji ya kisima, na kibanda cha kuchungulia. Atakaye kumwona firigogo hana haja ya kuzunguka jangwani; na aketi kibandani, anyamaze, angoje.

Jua likisha kupanda kidogo, hao waja, makundi kwa makundi, wakilia angani. Firigogo ni ndege wa kadiri ya njiwa, rangi yake kama ya mchanga. Hula mbegu kavu tupu, basi hana budi kunywa. Hutua mbali kidogo, akatazama, kwa kuwa mbweha na kozi nao waijua saa yake. Kisha hukimbilia maji, hunywa upesi, akaruka.

Lakini yuko dume asiyeruka. Huingia majini, akajitikisatikisa tumbo humo, na huku wenzake wamekwisha kwenda. Mbona ajihatarisha hivi?

Sababu yake iko mbali, pengine kilomita 30. Huko wako makinda wake juu ya mchanga mtupu. Kudonoa mbegu wanajua, kuruka hawawezi, na pasipo maji watakufa. Manyoya ya tumbo la baba yao si kama ya ndege wengine: nyuzi zake ndogo zimejikunja, na zikilowa hukunjuka zikashika maji kama sifongo. Mengine hukauka njiani kwa jua na upepo, lakini huwafikia ya kuwatosha. Baba husimama wima, nao hukimbilia chini yake, wakayakamua manyoya kwa midomo, mfano wa wana-mbuzi wanyonyao.

Mwingereza mmoja, Meade-Waldo, aliandika habari hiyo mwaka 1896, kwa kuwa aliiona kwa firigogo aliowafuga. Wengi hawakusadiki. Hata mwaka 1967 Tom Cade na Gordon Maclean, waliowatazama ndege hawa huko huko Kalahari, wakathibitisha ya kwamba alisema kweli.

Makinda wakisha kunywa, baba hujisugua tumbo mchangani likauke. Kesho asubuhi atarudi bwawani, penye mbweha.