Kupamba Kuta za Nyumba kwa Udongo na Chokaa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa yamo bado mabaki ya malungu, yaani tanuri ndefu za udongo ambamo wazee walikuwa wakiyeyushia mawe ya chuma. Tanuri hizo, zenye kimo cha kama mita 3, zilistahimili moto mkali, na baadhi yake zingali zimesimama ingawa kazi yenyewe imekwisha koma. Huo ni ushahidi kwamba watu wa nchi hii waliujua udongo na kuutawala. Ujuzi huo ndio unaohitajika leo kwa mwanachama anayetaka kuta za ndani ya nyumba yake zipendeze na zidumu.

Aghalabu mambo huwa kinyume cha hayo. Mkulima akiisha kuuza mahindi au maharage, hununua makopo ya rangi ya mafuta na kuipaka juu ya ukuta wa tofali mbichi. Kwa miezi michache nyumba hung'aa. Mvua za masika zikija, rangi huvimba, kisha hubambuka pamoja na udongo ulio chini yake. Sababu yake si ubovu wa rangi peke yake. Ukuta wa udongo hufyonza unyevu kutoka ardhini na kutoka katika mvuke wa chakula, na sharti uutoe tena. Rangi ya mafuta huuziba njia. Lipu ya saruji nayo, ikipigwa juu ya tofali mbichi, huwa ngumu kuliko ukuta wenyewe. Hupasuka, hunasa maji, na mwishowe huanguka mapande kwa mapande. Fedha za mavuno hupotea hivyo.

Lakini hasara kubwa zaidi si ya fedha. Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo hujificha papasi. Mchana hukaa kimya. Usiku hutoka kuwanyonya damu waliolala, na huweza kuwaambukiza homa ya papasi, ambayo huja, ikaondoka, kisha ikarudi tena. Homa hiyo ni ya hatari hasa kwa mama mjamzito, kwani yaweza kuharibu mimba. Papasi huweza kuishi muda mrefu sana pasipo kula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa si salama kwa sababu tu imekaa tupu. Kuziba nyufa, basi, ni urembo na ni kinga pia, ingawa mgonjwa wa homa hana budi kupelekwa zahanati.

Kazi huanza kwa lipu ya udongo. Ukuta wa zamani hukwanguliwa, vumbi na masizi yakafagiliwa, nyufa zikapanuliwa kidogo ili zishike, kisha ukuta hunyunyiziwa maji. Udongo wa mfinyanzi, au wa kichuguu, huchekechwa na kuchanganywa na mchanga. Kipimo cha kuanzia ni debe 1 la udongo kwa madebe 2 au 3 ya mchanga, pamoja na majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi. Kwa kuwa udongo wa kijiji kimoja haufanani na wa kijiji kingine, yafaa mafundi wapake kwanza viraka vitatu vya majaribio, kila kimoja kwa kipimo chake, na kuviacha vikauke. Kinachopasuka kina udongo mwingi mno. Kinachopukutika kikisuguliwa kwa mkono kina mchanga mwingi mno. Kile kisichofanya lolote kati ya hayo ndicho kiigwe. Ukuta hukandikwa kwa mchanganyiko huo, na ukikauka husiribwa kwa tabaka jembamba la udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe.

Baada ya hapo huja chokaa. Chokaa ni jiwe lililochomwa kwa moto mkali na kisha kuzimwa kwa maji. Ikipakwa ukutani huvuta hewa ya ukaa na kurudia ujiwe wake taratibu. Watu wa pwani wameitumia kwa karne nyingi, wakiichoma kutokana na matumbawe. Zidaka za chokaa zilizonakshiwa katika nyumba za kale za Lamu zinaonyesha jinsi inavyodumu. Nyeupe yake huongeza mwanga chumbani, na kwa kuwa haizibi ukuta, unyevu hutoka bila kuibambua.

Chokaa iliyozimwa, ambayo huuzwa ikiwa unga, hulowekwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, na kuongezwa maji hata iwe nyepesi kama maziwa. Hupakwa mara 3 juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo, kila mkono ukipewa siku moja kukauka. Wengi hukosea hapa: ikiwa mbichi chokaa huonekana kama maji matupu, nao huizidisha uzito; kumbe huwa nyeupe ikaukapo, na ile nzito hutoa unga na kuchafua nguo. Chokaa huunguza macho na ngozi. Watoto wawekwe mbali, na jicho lililorukiwa lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha mhusika apelekwe zahanati.

Mapambo yenyewe hayahitaji gharama. Udongo mwekundu ukichujwa vizuri hutia chokaa rangi ya kupendeza, mradi usizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za chokaa. Rangi ya chumba kizima ichanganywe mara moja, kwani kuipata ileile tena ni vigumu. Sehemu ya chini ya ukuta, kufikia kiuno, ikipakwa rangi iliyokolea huficha alama za mikono na miguu. Nakshi huweza kuchorwa kwa vidole au kwa gunzi la mahindi lipu ingali mbichi, au kupakwa kwa kiolezo kilichokatwa katika boksi. Mashariki ya Rwanda, akina mama hutengeneza nakshi za imigongo kwa samadi na majivu. Ufundi huo uliinuliwa tena na wanawake waliojiunga katika ushirika baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na leo huwapatia kipato.

Wakati unaofaa ni baada ya mavuno, kabla ya mvua za Novemba. Makatibu wanaweza kuliweka jambo hili mbele ya mkutano wa wanachama mapema, ili mahitaji ya chokaa yaandikwe na kununuliwa kwa pamoja, na gharama ya kuisafirisha igawanywe. Ofisi ya chama yenyewe ingefaa iwe ya kwanza kupakwa. Mwanachama ajaye kuuza mazao atauona ukuta, ataugusa, na atauliza kipimo kilichotumika.