Wenzo: Kanuni ya kale ndani ya mashine ya alizeti
Mkulima wa Singida akiuza alizeti ghafi, mafuta na mashudu vyote vinaondoka. Lakini akamueje pasipo umeme? Katika miaka ya 1980 mhandisi Carl Bielenberg alibuni hapa Tanzania mashine ya mkono yenye mpini mrefu. Mpini huo ni wenzo.

Wamisri wa kale waliutumia wenzo kuchota maji. Katika karne ya 3 KK, Archimedes wa Syracuse alithibitisha kanuni yake kwa hesabu: ukishika mita 1 kutoka kwenye egemeo, na mzigo uko sentimita 10, nguvu huongezeka mara 10. Lakini mkono nao husafiri mara 10 zaidi. Ndiyo maana ukamuaji bado unachosha: wenzo haupunguzi kazi, huipa tu mikono yako uwezo wa kuifanya.