Chungu bila gurudumu: weka bei ya vilivyotoka motoni, si vilivyoingia

Leo tunaongea na ninyi wa Musoma, Bunda na Butiama mnaotaka kutengeneza vyombo vya udongo vya jikoni nyumbani na kuviuza mtandaoni: chungu cha samaki, kikaango, bakuli la mboga, mtungi wa maji. Wengi wanaishia njiani wakidhani bila gurudumu la kufinyangia hakuna biashara.

Gurudumu siyo tatizo. Kanda ya ziwa watu wamefinyanga kwa mikono kwa zaidi ya miaka 2,000. Vyungu vya kale vya Urewe, vilivyopewa jina la sehemu moja magharibi mwa Kenya, vimepatikana sehemu nyingi kuzunguka Ziwa Victoria. Na mpaka leo akina mama wa Kijaluo, upande wa Rorya na upande wa Kenya, wanapandisha chungu kwa kamba za udongo, mkono na jicho tu.

Kinachoua biashara hii ni hesabu. Wahenga walishasema mfinyanzi hulia gaeni. Anatengenezea watu vyombo vizuri, mwenyewe anakula kwenye kigae. Tuone namna ya kumtoa hapo.

1. Udongo: usichimbe popote

Udongo mzuri ukiulowesha unavutika. Viringisha kamba nene kama kidole, izungushe kwenye kidole chako. Ikipasuka pasuka, udongo huo una mchanga mwingi au haujakandwa vizuri.

Mambo matatu ya kuzingatia kwetu Mara:

- Omba ruhusa kwa mwenye shamba au serikali ya kijiji kabla ya kuweka jembe.
- Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Usiende kufukua kingo.
- Kaa mbali na sehemu wanapochenjua dhahabu, na mabonde yanayopokea maji yake. Mkoa wetu una wachimbaji wadogo, Buhemba kule Butiama ni mfano, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Chombo hiki mtu atapikia watoto. Udongo wa karibu na mialo ya dhahabu usiuguse, hata kama ni laini kama siagi.

Anika udongo, twanga, chekecha, loweka siku mbili tatu, kisha kanda mpaka hewa yote itoke. Kwa chombo cha kupikia changanya vigae vilivyosagwa au mchanga safi uliochekechwa. Anza na sehemu 4 za udongo kwa 1 ya vigae, halafu rekebisha kulingana na udongo wako. Chenga hizo zinasaidia chungu kuvumilia moto. Kwa hiyo vile vilivyovunjika usivitupe, ni malighafi.

2. Kupandisha chungu

Chukua bakuli au sahani ya zamani, tandika kitambaa au nyunyiza majivu ili udongo usigande. Hilo ndilo gurudumu lako, unalizungusha kwa mkono. Tengeneza kitako, kisha panga kamba za udongo moja juu ya nyingine. Kila unapounga, kwaruza pande zote mbili, paka tope zito, bonyeza na sawazisha ndani na nje. Ukiruka hatua hii, ufa utaanzia hapo hapo kwenye kiungo.

Usipandishe ukuta wote kwa mkupuo, utakaa chini wenyewe. Weka kamba tatu nne, acha ushike kidogo, endelea. Ukipumzika, funika kwa nailoni.

Unene uwe sawa kila mahali, usizidi sentimita 1. Sehemu nene na nyembamba hazikauki pamoja wala hazipati moto pamoja. Kitako kiwe cha mviringo. Kama mteja wako anatumia jiko la gesi, fanya bapa kidogo katikati lakini usiache kona kali, maana kona ndiyo hupasuka kwanza.

Ukikauka nusu, paruza kwa kipande cha kibuyu, halafu sugua kwa jiwe laini la ziwani mpaka ung'ae. Kusugua kunabana uso wa chungu na maji hayapenyi haraka. Rangi za mafuta na za kupulizia usiweke kabisa kwenye chombo cha chakula.

3. Kukausha na kuchoma: hapa ndipo pesa inapotea

Kausha kivulini wiki moja mpaka mbili, usianike kwenye jua kali. Kujua kama kimekauka, weka shavu lako juu yake. Ukisikia ubaridi, bado kina maji. Kikiingia motoni hivyo, maji yanageuka mvuke na chungu kinalipuka. Kikilipuka kimoja kinaondoka na majirani zake.

Siku ya kuchoma, tafuta sehemu wazi mbali na nyumba na nyasi, siku isiyo na upepo mkali wa ziwani. Kwanza vipashe kwa moto mdogo wa pembeni, saa moja au mbili. Kisha vipange juu ya kuni na vigae, midomo chini, funika kwa samadi kavu ya ng'ombe na nyasi. Bunda na Butiama samadi ipo, na inaungua taratibu kuliko kuni tupu. Moto wa wazi namna hii hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Ukiisha usifukue. Acha vipoe vyenyewe mpaka kesho yake.

Panga uzalishaji wako na msimu. Juni mpaka Septemba ni kiangazi, choma kwa wingi uweke stoo. Masika usiahidi oda kubwa, udongo haukauki na kuni zimelowa.

4. Hesabu inayomtoa mfinyanzi gaeni

Huu ni mfano, weka namba zako. Umefinyanga vikaango 20. Wakati wa kukauka 2 vimepata ufa. Motoni vimepasuka 4. Ukajaza maji usiku kucha, 1 kikavuja. Umebaki na 13.

Gharama: kubeba udongo sh 6,000, kuni na samadi sh 9,000, vitu vidogo vidogo sh 2,000, kazi yako siku 4 kwa sh 8,000 ni sh 32,000. Jumla sh 49,000.

Wengi wanagawa kwa 20 na kupata sh 2,450, kisha wanauza sh 3,500 wakiamini wana faida nono. Lakini 13 mara 3,500 ni sh 45,500. Umefanya kazi siku nne, umetoka na hasara ya sh 3,500. Biashara kichaa hiyo!

Gawa kwa 13. Kila kikaango kimekugharimu karibu sh 3,770. Ongeza kufungasha sh 1,000, inakuwa sh 4,770. Tuseme katika kila 10 unavyotuma kimoja kinavunjika njiani na unarudisha pesa. Maana yake vizima 9 vinabeba gharama ya 10, yaani sh 5,300 kila kimoja. Faida inaanzia juu ya hapo.

Weka daftari la kila moto: vimeingia vingapi, vimetoka vingapi. Mioto mitatu tu itakuonyesha kiwango chako halisi, na kila ukipunguza upasukaji, faida inapanda bila kumwongezea mteja bei.

5. Kuuza mtandaoni

- Pima baada ya kuchoma. Udongo unasinyaa. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande kibichi, kichome, pima tena, utajua unapoteza kiasi gani. Kwenye posti andika ujazo kwa lita, upana wa mdomo na kimo.
- Picha isidanganye. Piga mchana kivulini, pembeni weka kitu kinachojulikana, kama kikombe cha chai. Mabaka meusi ya moshi yaonyeshe na uyaeleze, ni alama ya moto wa wazi. Mteja akiyakuta bila kuambiwa anaona kauziwa kibovu.
- Gonga kabla ya kutuma. Chungu kizima kinalia kwa sauti safi. Kikitoa sauti butu kina ufa, usikitume.
- Fungasha kwa jaribio. Jaza ndani kwa nyasi kavu au karatasi, zungushia nguo kuukuu, tia kwenye boksi, boksi hilo ndani ya boksi kubwa. Angusha kutoka usawa wa kiuno. Kikipona, kinaweza kupanda basi pale stendi ya Bweri kwenda Mwanza au Dar.
- Oda maalumu, chukua malipo ya awali na omba wiki nne.
- Tuma maelezo ya matumizi. Mara ya kwanza achemshie uji mwepesi ili wanga uzibe vitundu. Aanze na moto mdogo. Chungu cha moto asikitue kwenye sakafu ya baridi. Sabuni kali asitumie, udongo unainywa.

Usisahau jina la kwenu. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, Ziwa Nyasa, vinauzwa sokoni Matema na watu wanavijua kwa jina la watengenezaji wake. Wageni wanaokuja makumbusho ya Mwalimu pale Butiama wanataka kitu kidogo kinachoingia kwenye begi, na chini ya kibakuli hicho pakiandikwa "Butiama" kabla udongo haujakauka, tayari kina hadithi.

Wewe ukichoma 20 vinatoka vingapi? Weka namba yako kwenye komenti, na mtumie posti hii mwenzako anayeuza vyungu kwa bei ya kutupa.