Kabla ya Kumwita Fundi wa Ukuta wa Uani

Mwenye nyumba mmoja wa Mji Mkongwe aliazimia kuujenga upya ukuta wa uani uliobomolewa na mvua za masika. Alipatana na fundi kwa mdomo, akamlipa fedha zote mwanzoni. Fundi akatumia saruji. Kabla ya masika ya pili, lipu ilianza kubanduka na chumvi ikatokeza ukutani.

Kosa si la fundi peke yake. Kuta za kale za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Chokaa huuachia unyevu utoke na ukuta ukauke. Saruji huuzuia ndani, nao ukaudhoofisha ukuta polepole.

Kwa hiyo, mkaazi anayekusudia kujenga au kutengeneza ukuta katika Mji Mkongwe, ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, anaombwa azingatie haya:

Kwanza, apate kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kuondoa hata jiwe moja.

Pili, akubaliane na jirani juu ya mpaka, sheha akiwa shahidi.

Tatu, mapatano na fundi yaandikwe: kazi, vifaa, muda na malipo.

Nne, malipo yatolewe kwa awamu, na sehemu ya mwisho ibakie hadi ukuta ukaguliwe.

Mwenye nyumba huyo ameubomoa ukuta na kuujenga tena kwa chokaa; amelipa mara mbili. Kibali na karatasi moja iliyotiwa saini vingalimwepusha na gharama hiyo.