Usanifu majengo na chumba cha kupanga

Mhitimu wa usanifu majengo anayerudi chuoni kusomea uzamili hukabiliwa na swali ambalo shahada ya kwanza haikumwuliza: je, wewe ni bingwa wa nini? Shahada ya kwanza humfunza mtu kuchora kila kitu, kuanzia zahanati hadi hoteli. Uzamili humtaka ashike jambo moja na kulichimba hadi alijue. Kwa bahati mbaya, wengi hulitafuta jambo hilo katika majarida ya ng'ambo, wakaishia kwenye minara ya vioo ambayo jua la Nairobi huigeuza tanuri.

Mimi si msanifu; kazi yangu ni isimu. Lakini nyumba ina maneno yake, na maneno ndiyo riziki yangu. Usam Ghaidan, msanifu kutoka Iraq aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuchunguza mji wa Lamu na kutoa kitabu juu yake mwaka 1975. Nyumba ya mawe ya Lamu haielezeki bila msamiati wa wenyewe: daka, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kadiri ya mita 3 hivi. Kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, na mgeni asiyejulikana huishia dakani. Maneno hayo ni ramani ya heshima.

Sasa, msomaji, njoo hapa Riruta Satellite ninakoishi, kisha tuvuke hadi Kawangware. Chumba cha mabati kina futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3 kila upande. Upana ni ule ule wa Lamu! Ila hapa urefu nao umekatwa. Hata hivyo, mwenyeji atakwambia, "Karibu sebuleni." Sebule ni kochi lililo upande huu wa pazia. Upande wa pili ni chumbani, na pale penye jiko ni jikoni. Chumba ni kimoja, lakini lugha imekigawa mara tatu, na mgeni mwenye adabu havuki pazia kama vile hangevuka daka.

Kijana mmoja, jirani yangu, anasomea uzamili. Alipotaka kuandika tasnifu kuhusu vyumba hivi, mmoja wa waliomsikiliza alimjibu kuwa chumba cha kupanga ni suala la umaskini, si la usanifu. Jibu hilo linanikera. Mwaka 2006 wanafunzi wa uzamili kutoka Harvard walianzisha shirika la Kounkuey Design Initiative, wakashirikiana na wakazi wa Kibera kugeuza sehemu zilizojaa taka kando ya mito kuwa viwanja vya watu wote. Wao walivuka bahari kuja kutafuta ubingwa wao huku. Huyu wetu, ambaye angefika kwa miguu, anaambiwa hapa hapana kitu!

Sidai kwamba mabati ni mazuri. Mchana yanaunguza, usiku yanagandisha, na kikohozi cha jirani hukisikia kama chako. Lakini watu wengi mno wa jiji hili wanaishi hivyo, na atakayewajengea nyumba bora bila kujua pazia lao hufanya kazi gani atawapa kuta mahali wasipozihitaji. Tumekwisha kuona maghorofa ya kupanga yaliyo na mlango wa choo unaotazamana na kochi la mgeni.

Kijana hajakata tamaa. Ameanza na ploti moja, akipima pazia la kila chumba lilipo asubuhi na lilipo usiku, na kuandika jina ambalo wenyewe wanaliita kila pembe. Pendekezo lake litasikilizwa tena muhula ujao.