Gazi ya klima si makala

Mwezi wa kumi huko Kolwezi, mbele mvua haijaanza, mabati ya nyumba yanachoma mpaka usiku. Mwaka ule yaya yangu alikuwa ametoka kupata dekonti finali yake, kisha miaka mingi ya kazi ya mugodi. Feza ile hakuinywa. Alifungulia bibi yake farmasi ndogo kando ya barabara, na juu dawa mingi zimeandikwa kwenye kartoni kama hazipashwe kupita digri 25 ao 30, alinunua klima ya spliti ya BTU 12 000. Fundi mumoja wa kartie aliikamata asubuhi, saa nane ya muchana ilikuwa inapuliza baridi. Wote tulifurahi.

Kisha miezi mine, baridi ikapungua. Fundi akarudi, akaweka manometa yake, akasema: « Gazi imeisha, yaya. » Akaongeza, akalipwa, akaenda. Kisha miezi tano, vile vile. Mara ya tatu ilikuwa tena mwezi wa kumi, na siku ile suppozituari za watoto ziliyeyuka ndani ya kartoni, zikawa kama mafuta ya mawese. Bibi ya yaya alizitupa zote. Njo hapo nilitafuta muzee mumoja frigoristi ambaye alifanya kazi zamani katika ateliye ya baridi ya kumpani kubwa. Mimi nilizani ataleta chupa ya gazi. Alileta sabuni ndani ya kopo na pinso ndogo.

Neno lake la kwanza ninalikumbuka: « Mutoto yangu, gazi ya klima si makala. Haichomwe, haiishe. Kama imepungua, iko inatoka mahali. Na mutu mwenye kuongeza gazi bila kutafuta tobo, anakuuzia ile gazi moja mara tatu. »

Hilo njo jambo ambalo familia mingi hapa kwetu hazijaambiwa. Klima ya spliti iko na vipande viwili: kimoja ndani ya nyumba, kingine inje. Katikati yao kuna matiyo mawili ya shaba, ndogo na kubwa. Gazi inazunguka mule, kompreseri inaisukuma, inabeba joto ya chumba na kuitupa inje, kisha inarudi. Ni ile ile gazi, kutoka siku ya kwanza mpaka siku mashini itakufa. Kompreseri na kila kitu kingine vinatengenezwa kwenye izine, mbali sana, na vinapimwa kule. Kipande kimoja tu kinatengenezwa nyumbani kwako, na mikono ya fundi wako: yale matiyo. Njo sababu makosa mingi yanapatikana pale.

Muzee alikata musi mweusi yenye kufunika viungo, akapaka pofu ya sabuni. Lakini mbele ya pofu kutokea alikuwa ameshajua. Chini ya ekru ya tiyo kubwa kulikuwa doa nyeusi, vumbi nyekundu ya Kolwezi imeganda pale kama tope. Alituelezea: ndani ya gazi kuna mafuta ya kompreseri, inatembea pamoja nayo. Mahali gazi inatoka, mafuta inatoka pia, na vumbi inashika juu ya mafuta. « Hii vumbi munaichukia kila siku, leo inawaonyesha mwizi. » Alipofungua ekru, tuliona kinywa cha tiyo kimepasuka upande mumoja, ufa mwembamba kama unywele.

Kinywa hicho, mafrigoristi wanakiita dijoni. Wanakata tiyo, wanapanua mwisho wake kama tarumbeta ndogo, na ekru inakibana juu ya koni ya mashini. Hakuna kawuchu, hakuna gundi. Ni shaba juu ya laitoni, basi. Kwa hiyo inapashwa kuwa safi kabisa. Tiyo inakatwa na kikatio cha kuzunguka, si na sie. Sie inaacha unga wa shaba, na unga ule unaingia mpaka kwenye kompreseri. Wakati wa kuondoa ncha kali ndani ya kinywa, tiyo inainamishwa chini ili takataka ianguke inje. Tone moja ya mafuta ya baridi inapakwa kwenye dijoni. Kisha kufunga: watu wanazani kukaza sana njo kufunga muzuri. Hapana. Ekru ya 1/4 ya pusi inaomba karibu Nm 14 mpaka 18, ile ya 3/8 karibu 34 mpaka 42, na kuna kle ya kupimia nguvu hiyo. Fundi wetu wa kwanza alitumia kle kubwa ya kamyo. Shaba ikabanwa mpaka ikawa nyembamba, kisha klima ikatetemeka mwezi kwa mwezi, na ufa ukaja.

Sisi watu wa shaba hatupashwe kushangaa. Kila mutoto wa hapa alishachezea waya: ukiukunja na kuukunjua mahali pamoja mara tatu, mara ine, unakuwa mugumu, kisha unavunjika. Tiyo ya klima ni vile vile. Inauzwa laini, imezungushwa kama nyoka, ili ikunjwe mara moja tu. Fundi mwenye kuikunja, kuona amekosa, kuirudisha, kuikunja tena, ameshaiua, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Na ni shaba ya wapi? Huwezi kujua, lakini kuna kitu cha kuchekesha na kuuma. Katodi zetu, shaba safi ya 99,99 kwa mia, zinapita Kasumbalesa juu ya makamyo, zinashuka mpaka bandari za Durban na Dar es Salaam, zinavuka bahari. Kisha shaba inarudi kwetu ndani ya kartoni, imekuwa tiyo, na tunainunua kwa metre. Tena si kila tiyo inayong'aa ni shaba. Kuna za aluminiumu zenye ngozi nyembamba ya shaba juu. Mukreseri hawezi kudanganywa pale: apime na mukono tu, shaba iko nzito zaidi ya mara tatu kuliko aluminiumu. Akitaka, akwangue kidogo na kisu, meupe itaonekana. Tena kuna shaba ya kweli lakini nyembamba sana. Kwa gazi R410A, tiyo za 1/4, 3/8 na 1/2 zinapashwa kuwa na unene wa milimita 0,8. Sababu ni nguvu: R410A inasukuma karibu mara moja na nusu kuliko gazi ya zamani R22. Siku ya joto, upande wa nguvu unaweza kupita bari 26. Tiyo ya bei chini iliyovumilia R22 inaweza kukataa hapo.

Kosa la pili la ile klima lilikuwa urefu. Yaya aliogopa wezi, akaomba kipande cha inje kiwekwe nyuma ya parsela. Tiyo ikawa metre 11. Lakini klima inatoka izine na gazi ya kutosha metre fulani tu, mara nyingi 5 ao 7,5, imeandikwa kwenye karatasi yake. Ukipita pale, inapashwa kuongezwa gazi kwa gramu. Kwa tiyo ndogo ya 1/4 mara nyingi ni karibu gramu 20 kwa kila metre, lakini karatasi ya mashini njo yenye kuamua. Na gramu inapimwa na balansi. Si kwa kuangalia manometa tu, si kwa kugusa tiyo na kusema « sasa imekuwa baridi ». R410A ni muchanganyiko wa gazi mbili, kwa hiyo inaingizwa ikiwa majimaji, ili zote mbili zitoke sawa ndani ya chupa. Ukubwa wa matiyo pia hauchaguliwe na fundi: BTU 9 000 kwa kawaida ni 1/4 na 3/8, BTU 12 000, 1/4 na 3/8 ao 1/2 kufuatana na mashini, BTU 18 000, 1/4 na 1/2. Fundi mwenye kusema « 1/2 imekosekana ku soko, tutaweka 3/8 » anakukatia baridi na kuchosha kompreseri. Na kama kipande cha inje kiko juu kuliko cha ndani, kwenye etaje ao juu ya nyumba, muulize jinsi mafuta itapanda kurudi. Karatasi inasema kama kona ya kama U inatakiwa chini ya mupando, na ni metre ngapi mashini inakubali.

Sasa jambo ambalo lilinifurahisha zaidi, juu linahusu mulima wetu. Mbele ya kufungua gazi, inapashwa kuvuta vide: pompi inanyonya hewa na maji yote ndani ya matiyo. Maji ikibaki, inachanganyika na mafuta ya R410A, inaleta asidi, na asidi inakula waya za kompreseri. Mafundi wengi hawana pompi. Wanafungua gazi ya mashini kidogo, inapuliza « pssss », wanasema hewa imetoka. Njo vile ilifanyika kwa yaya. Gazi ilipotea gramu nyingi na unyevu ukabaki.

Muzee aliweka pompi dakika 40. Mushale wa manometa ukashuka mpaka –0,85 na kukataa kuendelea. Kijana aliyekuja naye akasema pompi imechoka, juu kwenye kitabu wameandika –1. Muzee akacheka. « Kitabu kile kiliandikwa pembeni ya bahari. Hapa tuko metre 1 400 na zaidi. Hewa yenyewe iko nyepesi. » Na ni kweli: kule baharini hewa inakandamiza bari 1 na kidogo, Lubumbashi karibu 0,88, Kolwezi karibu 0,85. Manometa haiwezi kushuka kuliko hewa yenye kuizunguka. Ni sababu hiyo hiyo maji ya fufu inachemka hapa mbele ya digri 100. Kwa hiyo mushale peke yake hautoshe. Mwenye kazi ya kweli iko na kipimo cha elektroniki, anatafuta kushuka chini ya mikroni 500, kisha anafunga pompi na kungoja dakika kumi ao kumi na tano. Kipimo kikipanda tena, kuna tobo ao kuna maji.

Mbele ya vide kuna kujaribu nguvu, na hapa ninaomba musome polepole, juu hapa mutu anakufa. Matiyo yanajazwa azoti kavu, kidogo kidogo, na detanderi kwenye chupa, mpaka kiasi kilichoandikwa kwa mashini. Kwa R410A mara nyingi ni karibu bari 40. Azoti haipatikane kila kona. Oksijeni inapatikana, kila muswaderi iko nayo. Kuna wenye kusema hewa ni hewa. Oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta ya kompreseri inalipuka, bila hata kiberiti. Ukiona fundi anavuta chupa ya oksijeni karibu na klima yako, simamisha kazi, toa watoto inje.

Klima mpya nyingi zinakuja na R32. Ni gazi nzuri zaidi kwa hewa ya dunia, na kufuatana na mapatano ya Kigali ya 2016 inchi zinapunguza zile zenye kupasha dunia joto sana. Lakini R32 inaweza kuwaka kidogo. Hakuna kusude kwenye tiyo yenye gazi ndani, na chumba kinafunguliwa madirisha. R22, R410A na R32 hazichanganywe hata siku moja. Soma namba kwenye kipande cha inje, kisha soma namba kwenye chupa ya fundi. Hiyo hata mutoto wa shule anaweza kufanya.

Musi sasa. Fundi wa kwanza alivalisha tiyo kubwa tu, eti ile ndogo ni ya moto. Kwenye spliti za nyumba, kitu chenye kupunguza nguvu ya gazi kiko ndani ya kipande cha inje, kwa hiyo tiyo zote mbili zinaingia nyumbani zikiwa baridi. Kila moja inavaa musi yake, mbalimbali. Ile ndogo bila musi ilikuwa inatoa jasho ndani ya ukuta, na bibi ya yaya alikuwa ameshalipa mutu wa kupaka rangi mara mbili akizani ni mvua.

Juu ya wezi wa mitraye sina dawa. Muzee alifunika matiyo na plastiki ngumu, akapandisha kipande cha inje juu ya ukuta wa mbele, karibu na taa, na urefu ukarudi metre 5. Alikata dijoni zote ine na kuzifanya upya. Ilichukua siku nzima, na bei ilipita mara mbili ile ya fundi wa kwanza. Yaya alinungunika, kisha akahesabu zile gazi tatu, akanyamaza.

Mbele ya kwenda, muzee alichukua feltre na kuandika ndani ya kifuniko cha kipande cha inje: tarehe, jina la gazi, gramu, urefu wa tiyo. Mwezi wa kumi umepita tena mara mbili. Kwenye farmasi kuna termometre imetundikwa na kaye. Bibi ya yaya anaandika digri asubuhi na saa nane. Kile kinywa cha tiyo kilichopasuka, yaya anakiweka ndani ya tiruwari ya feza. Mutu akilalamika kama klima yake inakula gazi, anakitoa na kukipitisha kwenye kucha, asikie ule ufa.